Uzi maalumu: Daft Punk, Wafaransa wawili walioficha sura zao na kushikilia kazi zao

Fundi Santuri (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Kwenye ule uzi wa singeli kuna mtu aliandika kwamba muziki wa mashine hauna kazi, ni watoto kubonyeza vitufe tu. Sikutaka kuharibu uzi wa watu, nimeona nifungue wangu. Leo ni Daft Punk. Wengi mnawajua kwa Get Lucky na zile helmeti. Wengine mmeisikia sauti yao ya roboti kwenye Stronger ya Kanye West mwaka 2007 bila kujua ni ya nani.

Hoja yangu ni moja, na nitaitetea hata mkinirukia: hawa jamaa muziki wao ni mkali, sawa, lakini kilichowaweka juu ni kwamba tangu siku ya kwanza hawakumwachia mtu usukani. Master zao (yaani rekodi zenyewe na haki ya kuzimiliki), video zao, sura zao, mpaka tarehe ya kufunga duka.

Nashusha kwa vipande. Mwenye haraka apite.

Guy-Manuel de Homem-Christo ni wa 1974, Thomas Bangalter wa 1975. Walikutana mwaka 1987 wakisoma Lycée Carnot, shule moja ya Paris. Mwaka 1992 wakaunda bendi ya magitaa, Darlin', pamoja na mwenzao Laurent Brancowitz. Bendi haikufika mbali. Nyimbo zao chache zilitolewa Uingereza, na mhakiki wa gazeti la Melody Maker akaziponda. Katika kuponda kwake akatumia maneno "daft" na "punky". Vijana wakayaokota yale matusi wakayafanya jina. Brancowitz akaenda zake, baadaye akaibukia bendi ya Phoenix, naye maisha yakamnyookea.

Mwaka 1993 kulikuwa na mkesha wa dansi pale EuroDisney, nje kidogo ya Paris. Wakakutana na mmoja wa wenye lebo ya Soma ya Glasgow, wakampa kanda ya majaribio. Mwaka 1994 Soma wakatoa The New Wave, halafu 1995 ikaja Da Funk. Hapo ndipo lebo kubwa zilipoanza kuwapigia hodi.

Sasa angalieni walichofanya. Walisaini na Virgin mwaka 1996, vijana wa miaka ishirini na kidogo, lakini hawakuuza master. Walianzisha kampuni yao, Daft Trax, master zikabaki humo, Virgin wakapewa leseni ya kuzitoa. Kijana wa umri huo kwa kawaida akiwekewa hundi mezani anasaini hata asichokisoma.

---

Mwana Ilala

Nipo siti ya mbele mkuu. Aliyesema vitufe havina kazi aje ashike laptopu dakika tano atupigie singeli tuone.

Shusha vitu.

---

Fundi Santuri

Albamu ya kwanza, Homework, Januari 1997. Waliirekodi nyumbani kwa Thomas, chumbani, ndiyo maana ya hilo jina. Mashine za ngoma za Roland, sampla (mashine ya kunasa na kurudia vipande vya sauti), vinanda vichache vya mtumba, basi. Ukisikiliza Teachers utasikia wanataja majina ya walimu wao mmoja mmoja, na wengi ni Wamarekani weusi, madijei na maprodyuza wa Chicago na Detroit. Hawakujifanya wamebuni kitu kutoka hewani.

Kuna video moja nataka muiangalie leo, Around the World, iliyoongozwa na Michel Gondry. Wimbo mzima una maneno hayo matatu tu, yanarudiwa mara 144. Mtu wa kawaida angesema hapa hakuna cha kuonesha. Gondry akachukua jukwaa la duara lenye ngazi, kila kundi la wachezaji akalipa chombo chake. Maroboti wanaozunguka ndiyo ile sauti ya kuimba. Wale warefu wenye vichwa vidogo wanaopanda na kushuka ngazi ni besi: besi ikipanda nao wanapanda, ikishuka wanashuka. Mifupa ni gitaa. Mumia ni mashine ya ngoma. Wale kinadada ni kinanda cha juu.

Iangalie mara ya kwanza kwa ujumla. Mara ya pili mfuate mumia mmoja tu mpaka mwisho, halafu rudia na wale warefu. Ukimaliza, masikio yako yatakuwa yanautenganisha huo wimbo kama fundi wa studio. Kwa mtu anayetaka kujua muziki wa haus, huu wa klabu wa mashine, unavyojengwa, sijaona somo fupi zaidi ya hilo.

---

Nadia wa Pwani

Hii nzuri. Nimefuata mifupa 😂

Swali: walipata wapi akili ya kukataa kuuza master wakiwa vijana vile? Au ndiyo mambo ya kuzaliwa kwenye pesa?

---

Fundi Santuri

Dada Nadia umegonga penyewe. Baba yake Thomas anajulikana kwa jina la kazi la Daniel Vangarde, mtunzi na prodyuza. D.I.S.C.O. ya Ottawan ni mkono wake, Cuba ya Gibson Brothers pia. Kwa hiyo nyumbani kwao mikataba ilikuwa maongezi ya mezani, na mzee ndiye aliyewapa vijana ushauri wa namna ya kukaa na makampuni. Hilo ni tatizo dogo la hoja yangu, nakubali kulitazama: si kila kijana ana baba anayejua kifungu kipi kwenye mkataba ndicho chenye sumu.

Na kwa kuwa mko hapa waswahili wote, kuna jambo ambalo watu wengi hawalijui. Mzee huyo huyo, na mwenzake Jean Kluger, mwaka 1971 walitoa albamu ya kuigiza Ujapani, mradi wa Yamasuki. Ndani yake kuna wimbo unaitwa Aieaoa. Miaka minne baadaye melodi ile ile ikarudi ikiwa imevalishwa maneno ya Kiswahili, A.I.E. (A Mwana), ikaimbwa na Black Blood, kundi la Waafrika lililokuwa likifanya kazi Ubelgiji. Mwaka 1981 mabinti watatu wa Uingereza, Bananarama, wakaiimba tena kwa Kiswahili hicho hicho, ikawa ndiyo singo yao ya kwanza kabisa.

Kwa hiyo baba mzazi wa Thomas, yule roboti wa helmeti ya fedha, ana mkono kwenye wimbo wa Kiswahili uliopigwa Ulaya kabla wengi wenu hamjazaliwa.

---

Mwana Ilala

Acha bwana!! Kwa hiyo Kiswahili kilitiwa humo kama bizari tu ili mchuzi uonekane wa kigeni.

---

Fundi Santuri

Ndivyo disko ya Ulaya ilivyokuwa mkuu. Leo Japani, kesho Cuba, keshokutwa sisi. Ila mdundo wa Black Blood ni mtamu, msikilizeni.

Tuendelee. Mwaka 1998 kila mmoja alikuwa na lebo yake ya pembeni. Thomas alikuwa na Roulé, Guy-Manuel na mwenzake wakawa na Crydamoure. Roulé ndiyo iliyotoa Music Sounds Better with You ya Stardust: Thomas, Alan Braxe na mwimbaji Benjamin Diamond. Kipande kifupi cha gitaa kutoka Fate ya Chaka Khan kinazunguka mwanzo mwisho, dunia nzima ikacheza. Stardust hawakutoa wimbo mwingine. Mmoja tu, wakafunga. Nani hapa Bongo angepata hiti ya dunia asiendelee kuikamua?

Helmeti sasa. Mwanzoni walikuwa wanavaa vinyago vyovyote vya dukani wakipigwa picha. Ilipofika albamu ya pili wakatengenezewa helmeti rasmi, kazi ya studio ya Tony Gardner, fundi wa maumbo ya filamu Hollywood. Dhahabu ni Guy-Manuel, fedha ni Thomas. Hadithi waliyokuwa wakiwapa waandishi ni kwamba tarehe 9 Septemba 1999, saa 3 na dakika 9 asubuhi, sampla yao ililipuka, wakazinduka wameshakuwa maroboti. Waliisimulia bila kucheka, mwaka baada ya mwaka.

Watu huichukulia kama mbwembwe. Mimi naiona ni biashara safi. Msanii akizeeka sura inazeeka naye, akigombana na mkewe magazeti yanauza. Roboti hazeeki wala hana mke. Na mchana wanaweza kushuka dukani kununua mkate, hakuna anayewageukia.

---

Kitasa

Mimi ni mtu wa rhumba, haya mambo yenu siyaelewi, ila swali langu ni dogo. Hao si walikuwa wanachukua nyimbo za watu tu? Hapo "kazi" iko wapi?

---

Fundi Santuri

Karibu mzee Kitasa, swali zuri kuliko unavyodhani.

Discovery, Machi 2001. Ndani yake Harder, Better, Faster, Stronger imetoka kwenye Cola Bottle Baby ya Edwin Birdsong. Digital Love ina gitaa na kinanda cha George Duke. Zote ni za 1979. One More Time, iliyotangulia mwishoni mwa 2000, imetoka kwenye More Spell on You ya Eddie Johns, nayo 1979.

Chukua hiyo ya mwisho. Ukiusikiliza wimbo wa Eddie Johns unaweza kupita pale walipochota usishtuke. Ni mlio wa matarumbeta wa muda mfupi sana. Waliukata vipande vidogo, wakavipanga upya kwa mpangilio ambao bendi ile haikuwahi kuupiga, wakauzungusha, wakawekea chujio linaloziba sauti na kuifungua taratibu, mpaka unahisi klabu iko nyuma ya ukuta halafu mlango unafunguliwa. Juu yake akaimba Romanthony wa New Jersey, sauti yake ikapitishwa kwenye Auto-Tune, programu ya kunyoosha sauti, kwa makusudi kabisa, mpaka watu wakalalamika kwamba wameiharibu. Halafu katikati ya wimbo wakaondoa ngoma. Wimbo wa klabu, ngoma hakuna, kwa muda mrefu, dijei anatoka jasho. Zikirudi, ukumbi unapasuka.

Kazi iko hapo mzee. Kusikia kitu ndani ya wimbo ambacho wenyewe walioupiga hawakukisikia.

---

Nadia wa Pwani

Samahani kaka Fundi, hapa nakusimamisha.

Umeanza uzi kwa kuwasifu kwamba hawakuuza master zao. Sawa. Sasa tumzungumzie Eddie Johns mwenyewe. Ni mzaliwa wa Liberia, Mwafrika mwenzetu, akaenda Ufaransa kuimba miaka ya sabini, baadaye akahamia Marekani. Mwaka 2021 gazeti la Los Angeles Times lilimwandika. Alikuwa amepata kiharusi, alishaishi bila makazi Los Angeles, na kwenye hiti iliyotengenezwa kwa tarumbeta za wimbo wake hakuwa amepata hata senti. Yaani wimbo wa Wafaransa waliomiliki kazi yao umesimama juu ya wimbo wa mtu asiyemiliki yake.

Hilo mbona hukuliweka?

---

Mwana Ilala

Eeh. Hapo mkuu jibu kwa utaratibu.

---

Fundi Santuri

Nililiacha lije kwenye mjadala, na limekuja na mtu anayelijua vizuri.

Upande wa Daft Punk walijibu: wamekuwa wakilipa mara mbili kwa mwaka kwa kampuni inayomiliki haki za More Spell on You, kampuni ya Ufaransa iliyozinunua miaka ya tisini. Pesa ilitoka. Ilichokosa ni njia ya kumfikia mwimbaji. Kampuni ile ikasema haikuwa ikijua alipo.

Kisheria walifanya sawa. Ukitaka kusampo, yaani kuchota kipande cha wimbo wa mtu, unamtafuta mwenye haki, unalipa, unaondoka. Huwezi kuanza kumtafuta kila mpiga tarumbeta wa 1979.

---

Nadia wa Pwani

Wao wenyewe walikataa kusaini karatasi ya aina ile ile iliyomwangusha Eddie Johns. Ina maana walijua vizuri sana karatasi hiyo inamfanya nini msanii. Mtu anayejua hivyo anaweza kupiga simu moja. Sisemi walivunja sheria, nasema walikuwa na uwezo wa kuuliza.

---

Kitasa

Binti anasema kweli. Na msidhani ni ya huko tu. Wazee wetu wa bendi waliorekodi redioni enzi hizo, nyimbo zao zinapigwa harusini mpaka leo, zinasampuliwa na vijana wa Bongo Fleva. Wangapi wana karatasi yoyote mkononi? Ukienda kudai mrabaha unaulizwa mkataba. Mkataba gani, walipewa posho na soda.

Uzi sasa nauelewa. Endeleeni.

---

Fundi Santuri

Dada Nadia hoja yako naiacha isimame. Mimi bado naona lawama kubwa iko kwa aliyekaa na haki miaka yote bila kumtafuta mwimbaji, ila sitabisha zaidi ya hapo.

Miaka ya kati nitaipitia haraka. Mwaka 2003 Discovery nzima ikageuzwa filamu ya katuni bila mazungumzo, Interstella 5555, wakishirikiana na Leiji Matsumoto, mchoraji wa Kijapani waliyempenda tangu utotoni. Mwaka 2005 wakatoa Human After All, iliyotengenezwa kwa wiki kama sita tu, na wahakiki wakaichana. Mwaka 2006 wakaongoza filamu yao, Electroma, maroboti wawili wanatembea jangwani, mwendo wa konokono. Niliimaliza kwa nidhamu tu.

---

DJ Mchanga

Nimevumilia kusoma kimya lakini Human After All haipitiwi haraka namna hiyo. Hiyo ndiyo iliyozaa lile onesho la tamasha la Coachella!

Aprili 2006, California, hema limejaa mpaka nje. Pazia linafunguka, ni piramidi, taa mwili mzima, maroboti wamekaa kileleni. Hawakupiga nyimbo moja baada ya nyingine. Walikuwa wanazichanganya: ngoma za huu, sauti ya ule, gitaa la wa tatu. Around the World inaingia juu ya Harder, Better, nyimbo mbili za albamu mbili tofauti zinakaa kama zilizaliwa siku moja. Na nyimbo za Human After All zilizoitwa kavu zikageuka nguzo, kwa sababu zina vitu vichache ndani, zinakubali kubebeshwa. Sikilizeni Alive 2007, ilirekodiwa ukumbi wa Bercy, Paris, Juni 2007, ikachukua tuzo ya Grammy. Kila dijei anayebeba kontena la taa kwenda tamasha leo anawadai... sorry, wanamdai yeye ile piramidi 😂

Albamu yenyewe nyumbani inachosha. Jukwaani ni nyundo. Ndiyo mimi nasema msihukumu muziki wa klabu kwa spika za simu.

---

Fundi Santuri

Nimepokea DJ. Alive 2007 hata mimi naiweka juu ya albamu zao zote za studio isipokuwa Discovery.

Baada ya piramidi mtu yeyote angezunguka dunia miaka kumi akivuna. Wao waliishia 2007, hawakufanya ziara nyingine tena. Walikaa kimya, 2010 wakatoa muziki wa filamu ya Tron: Legacy wakiwa na okestra nzima London, halafu wakaingia studio kutengeneza Random Access Memories, Mei 2013.

Humo wakafanya kinyume cha yote. Wale wa kukata vipande vya disko wakaenda kuwatafuta wapigaji wa disko wenyewe. Nile Rodgers wa kundi la disko la Chic kwenye gitaa. Nathan East kwenye besi. Omar Hakim na John Robinson kwenye ngoma. Gharama ikapita dola milioni moja, kutoka mifukoni mwao, ndipo wakaenda lebo ya Columbia na kazi mkononi.

Giorgio Moroder, baba wa disko ya sinthesaiza, walimwita asimulie maisha yake. Akafika studio akakuta maiki zaidi ya moja mbele yake. Akamuuliza fundi za nini. Akaambiwa kila moja ni ya zama zake: akisimulia ya zamani wanatumia ya zamani, akija karibu wanatumia mpya. Mzee akauliza, nani atasikia tofauti? Akajibiwa hakuna, ila Thomas atajua. Moroder mwenyewe ndiye anayesimulia hiki kisa.

Uzinduzi wa albamu duniani wakaupeleka Wee Waa, mji mdogo wa wakulima wa pamba Australia, kwenye maonesho ya kilimo. Wao wenyewe hawakwenda.

Januari 2014, Grammy tano, ikiwemo albamu ya mwaka. Wakapanda jukwaani, hawakutamka neno. Paul Williams, mtunzi mkongwe aliyeimba nao Touch, ndiye aliyeshukuru kwa niaba ya maroboti.

---

Mwana Ilala

Get Lucky mwaka ule ilikuwa inapigwa mpaka kwenye daladala. Bibi yangu alikuwa anaicheza akichambua mchele.

---

DJ Mchanga

Nitasema kisichopendwa: RAM (Random Access Memories) ni albamu ya matajiri. Safi sana, imepigwa pasi. Homework ilitoka chumbani na ina jasho. Ukiniuliza wapi walikufa kama maprodyuza wa klabu nitakwambia 2013, siyo 2021 walipofunga duka.

---

Fundi Santuri

Ushaanza DJ. Kwa ukumbi wa dansi una hoja. Kwa muziki, Touch peke yake inakukanusha.

Namalizia. Mwaka 2016 wakafanya Starboy na mwimbaji The Weeknd, Januari 2017 ikashika namba moja Marekani, ya kwanza kwao kwenye chati ile kubwa. Hata Get Lucky iliishia namba mbili. Februari 2017 wakapanda naye jukwaa la Grammy, na hiyo ndiyo mara ya mwisho wamepanda jukwaani. Julai mwaka huo bendi ya jeshi la Ufaransa ikapiga nyimbo zao kwenye gwaride la taifa mbele ya Macron na Trump. Itafuteni video, sura ya Trump inatosha.

Tarehe 22 Februari 2021 wakaweka video ya dakika nane, kipande cha Electroma. Roboti mmoja anamwomba mwenzake amlipue. Ikaandikwa 1993 hadi 2021. Hakukuwa na taarifa, mahojiano wala ziara ya kuaga. Thomas baadaye akaandika muziki wa balleti, Mythologies, wa okestra mtupu, ulioanza kuchezwa Bordeaux 2022. Mwaka uliofuata akaanza kutoa mahojiano akiwa na uso wake, akaeleza kwamba kwa jinsi dunia inavyokwenda na akili unde, kitu cha mwisho anachotaka kuwa ni roboti.

---

Kitasa

Na zile master?

---

Fundi Santuri

Ndiyo zinazowalisha mzee. Mwaka 2023 RAM ilipotimiza miaka kumi wakaitoa upya na nyimbo za ziada, na mwaka huo huo wakaitoa tena ikiwa imeondolewa ngoma. Albamu moja, mauzo matatu.

---

DJ Mchanga

Albamu ya Daft Punk isiyo na ngoma. Mimi nimeshasema yangu.

---

Nadia wa Pwani

😂😂 Kwa anayeanza, aanze na ipi?

---

Fundi Santuri

Discovery mwanzo mpaka mwisho bila kuruka, halafu Alive 2007 kwa sauti ambayo majirani watagonga. Homework usiku. RAM ukiwa na spika za maana. Human After All muulize DJ.

---

DJ Mchanga

Human After All isikilizeni mkiwa gym. Na More Spell on You ya Eddie Johns iwekeni kwenye orodha, isikilizwe kwa jina lake.